Picha za kale za Wamohave: je, jangwa tunaloliona nyuma yao ndiko walikoishi?

Mwanzisha mada – mwalimu wa historia, Morogoro

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha historia katika shule ya sekondari, na muhula huu nimeandaa vipindi viwili kuhusu namna ya kusoma picha za kale kama ushahidi. Sikutaka wanafunzi waniletee majibu waliyokwisha kukariri, kwa hiyo niliamua kutumia picha za watu wasiowajua kabisa. Nikachagua Wamohave, wenyeji wa bonde la Mto Colorado kusini-magharibi mwa Marekani, ambao picha zao nyingi zinapatikana bila malipo katika hazina ya Maktaba ya Bunge la Marekani.

Nilichapisha tatu. Ya kwanza ni mchoro wa rangi uliomo katika ripoti ya safari ya Luteni Joseph Ives iliyotolewa mwaka 1861, uliotokana na kazi ya mchoraji Mjerumani Balduin Möllhausen. Ya pili imepigwa mwaka 1871 na Timothy O'Sullivan, aliyekuwa katika msafara wa upimaji ardhi wa Luteni George Wheeler. Ya tatu ni picha maarufu ya msichana aitwaye Mosa, iliyopigwa na Edward Curtis mwaka 1903.

Kipindi cha kwanza kilikwenda vizuri mpaka msichana mmoja wa dawati la nyuma aliponyoosha mkono na kuuliza, “Mwalimu, hawa watu walikuwa wanakula nini?” Darasa zima likazitazama upya zile picha. Nyuma ya watu hao hapakuwa na shamba, wala mti wa maana, wala mnyama. Palikuwa na mawe, mchanga, na anga nyeupe kama karatasi. Nilijibu kwamba huenda walikuwa wawindaji, lakini nilijua palepale kwamba nimekisia, na mwalimu wa historia anayekisia mbele ya darasa anawafundisha wanafunzi wake kukisia.

Naomba mnisaidie kabla ya kipindi cha pili. Je, lile jangwa tupu ndilo lililokuwa makao yao kweli? Kwa nini anga ni ileile katika kila picha, na nyuso ni kali namna ile? Tena, nimesoma kwamba Curtis alikuwa akiwapanga watu ili waonekane wa kale kuliko walivyokuwa. Ikiwa ni hivyo, ni halali kuendelea kuitumia picha ya Mosa darasani, au niiondoe?

Jibu – fundi wa picha mstaafu, Mombasa

Mwalimu, hujambo. Nimesafisha picha katika chumba cha giza kwa zaidi ya miaka thelathini, tangu enzi za filamu nyeusi na nyeupe, kwa hiyo nitajibu lile ninalolijua kwa mikono yangu na kuwaachia wengine mambo ya watu na ardhi.

O'Sullivan hakuwa na filamu. Alitumia kioo kilichomiminiwa kolodioni, yaani kimiminika kinachonata, kikachovywa katika maji ya nitrati ya fedha, kisha kikatiwa ndani ya kamera kikiwa bado kimelowa, kwa sababu kikikauka hakifai tena. Tangu kukipaka hadi kukisafisha alikuwa na dakika chache tu, labda kumi. Sasa hebu fikiria kazi hiyo katika bonde la Colorado mwezi Septemba, joto linaunguza, vumbi linatafuta kila kitu chenye unyevu likigande, na chumba cha giza ni hema dogo au mashua. Mashua yake mwenyewe iliitwa Picture, na katika mojawapo ya picha zake za korongo la Black Canyon unaiona imeegeshwa kando ya maji, ndogo kabisa chini ya kuta za mawe. Vioo vyake vingi vya safari ile vilipotea kabla ya kufika Washington, kwa hiyo hicho ulichokichapisha ni sehemu tu ya alichokipiga.

Sasa nije kwenye anga. Kioo cha kolodioni kilihisi mwanga wa buluu kupita rangi nyingine zote. Anga ya buluu ilikichoma mara moja ikatoka nyeupe tupu, hata kama siku hiyo kulikuwa na mawingu mazuri. Upande wa pili, rangi nyekundu na ya manjano hakikuzihisi vizuri, zikatoka kama giza. Kwa hiyo wanafunzi wako wasiseme kwamba jangwa lile halikuwa na mawingu. Waseme kwamba kioo hakikuweza kuyaona.

Jambo hili linawagusa Wamohave kuliko watu wengi, na ndiyo sababu nimeamua kuandika kwa kirefu. Wanawake wa Kimohave walikuwa na michoro ya buluu kidevuni, iliyotiwa kwa kudunga ngozi. Si chale za kukata kama tulizozizoea sisi, bali wino uliokaa chini ya ngozi. Vilevile walifuma kola pana za shanga, kama wavu unaofunika mabega, na rangi zilizotawala zilikuwa buluu na nyeupe. Tia vitu hivyo viwili mbele ya kioo kinachoiona buluu kama nyeupe. Mchoro wa kidevu unafifia, na kola yenye nakshi kali ya rangi mbili inageuka kitambaa kimoja cheupe-cheupe. Rangi nyekundu waliyojipaka usoni, kinyume chake, inatoka nyeusi na kuwafanya waonekane wa kutisha. Hivyo hata pale mpiga picha alipokuwa mwaminifu kabisa, kifaa chenyewe kilifuta kilichokuwa kizuri na kukoleza kilichoonekana kikali.

Kuhusu ukali wa nyuso, jibu ni fupi: mtu aliambiwa asitikisike kwa sekunde kadhaa juani. Jaribu kutabasamu kwa muda huo bila kutetereka, utaona midomo inavyochoka.

Kuna picha nyingine ambayo utakutana nayo ukiendelea kutafuta, ya Olive Oatman, msichana wa kizungu ambaye familia yake ilishambuliwa mwaka 1851, akaishi kwa Wamohave, akarudishwa kwa wazungu mwaka 1856 akiwa na mistari ya buluu kidevuni. Katika picha zake za studio mistari ile imesimama wazi kabisa. Mtu aliyewahi kurekebisha picha kwa brashi, kama mimi, anaitazama na kujiuliza kama kioo peke yake kingeweza kuitoa buluu kwa ukali ule. Watazamaji wa wakati huo walilipa ili waione mistari hiyo, na mwenye studio alijua wanachokilipia.

Jibu – mkazi wa Phoenix, Arizona (asili yangu ni Uvira)

Mwalimu, pokea salamu. Ninaishi Arizona kwa mwaka wa kumi sasa, na kazi yangu ya kuendesha lori inanipitisha mara kwa mara Needles, mji wa California ulio kando ya Mto Colorado. Nitakueleza ninachokiona kwa macho, pamoja na yale niliyojifunza kwa kuuliza na kusoma, kwa sababu swali la yule mwanafunzi wako ni swali zuri kupita yote.

Ukitoka mashariki, saa nzima unapita katika ardhi ya changarawe nyeusi na vichaka vifupi vya kijivu vilivyoachana, ambavyo vikinyeshewa hutoa harufu kali kama ya dawa. Huko ndiko tunakoita jangwani. Halafu barabara inashuka, na ghafla chini yako kuna mkanda wa kijani, na katikati ya mkanda huo kuna mto. Wamohave waliishi kwenye mkanda. Hata jina lao wenyewe linasema hivyo: wanajiita Aha Macav, na aha katika lugha yao ni maji, ni watu wa kando ya mto. Jangwa walilijua vizuri, walilivuka kwa miguu kwenda kufanya biashara hadi pwani ya Bahari ya Pasifiki, na walifahamika kwa kukimbia mwendo mrefu sana, lakini hawakulijengea nyumba.

Walikula nini? Walikula mazao ya shamba. Kila mwaka theluji ya milima ya Rocky ilipoyeyuka, mto ulifurika kati ya mwezi Mei na Juni, ukaacha tope jipya bondeni. Maji yakishuka, walitoboa tope kwa kijiti na kupanda mahindi, maharage madogo yanayostahimili joto, na maboga. Walivua samaki, na waliokota maganda ya mbegu ya mti wa mesquite na kuyatwanga katika vinu vya magogo. Chakula walikihifadhi katika vihenge vikubwa vya vijiti vilivyosukwa, ambavyo kwa mbali vinafanana na kiota cha ndege kilichowekwa juu ya jukwaa. Tafuta picha za vihenge hivyo, zipo, na uziweke mbele ya darasa. Mtu mwenye kihenge kirefu kuliko kimo chake hahitaji maelezo mengi kuhusu alichokula.

Nyumba zao za majira ya baridi zilikuwa fupi na pana, zimesimama juu ya nguzo nne, paa limefunikwa kwa mchanga. Ripoti za wapimaji wa miaka ya 1850 zina michoro yake. Anayeitazama kwa haraka anaweza kudhani ni kichuguu cha mchanga, na nadhani wengi walipita bila kujua kwamba wanatazama mji. Wakati wa joto, ambapo huku kipimo hupita nyuzi 45, watu waliishi nje chini ya mabanda ya kivuli.

Basi kwa nini picha zinaonyesha mawe? Kwa sababu walioagiza picha hawakuja kutazama mashamba. Luteni Amiel Whipple alipofika kwa Wamohave mwanzoni mwa mwaka 1854, Möllhausen akiwa pamoja naye, alikuwa anatafuta njia ya reli, na wenyeji wakamsaidia kuvuka mto. Ives alipopanda na meli yake ya chuma, Explorer, mwaka 1858, alitaka kujua meli itafika wapi kabla ya kugonga mwamba, na kweli iligonga. Wheeler aliongoza msafara wa jeshi. Mtu anayetafuta njia hutazama kinachomzuia, na kinachozuia njia ni miamba, makorongo na vilele. Shamba la maboga halimzuii mtu, kwa hiyo halikupigwa.

Naomba niongeze jambo la mwisho, ambalo kwangu lina uzito kuliko mengine. Ukitafuta picha za mandhari za karne ya 19 na kuzilinganisha na za leo, mto si uleule. Bwawa la Hoover lilikamilika katikati ya miaka ya 1930, la Parker mwaka 1938, na la Davis, lililo juu kidogo ya bonde la Mohave, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Maji yaliyokuwa mekundu kwa tope, ambayo ndiyo yaliyowafanya Wahispania wauite mto huu Colorado, sasa yanatoka chini ya bwawa yakiwa baridi na maangavu, na mafuriko yale ya kila mwaka hayapo tena. Kilimo kile hakikufa kwa sababu watu walikiacha. Kwa hiyo picha yoyote ya kabla ya mabwawa inayoonyesha ukingo wa mto, hata kama imepigwa vibaya, ni ushahidi wa nchi ambayo leo huwezi kwenda kuiona.

Jibu – mfugaji, Marigat, Baringo

Naingia kwa neno moja tu. Mti wa mesquite anaoutaja ndugu yetu wa Arizona ni jamaa wa karibu wa huu tunaouita mathenge hapa Baringo, ulioletwa kutoka bara la Amerika kuzuia jangwa, ukatuvamia malisho na kuharibu meno ya mbuzi wetu. Nimeishi miaka yote hii nikiuona kama adui. Kusoma kwamba kuna watu waliyatwanga maganda yake kinuni na kuyala kama chakula cha kawaida kumenifanya nitoke nje nikachume ganda moja nilitafune. Ni tamu kweli. Tofauti ni kwamba wao waliujua mti huo kwa vizazi vingi, na kwetu ulifika bila mtu wa kutufundisha.

Mwanzisha mada

Nawashukuru sana. Mzee wangu wa Mombasa, shikamoo. Maelezo yako kuhusu buluu nimeyasoma mara tatu, kisha nikarudi kwenye picha ya O'Sullivan na kuiangalia kwa lenzi, na sasa siwezi tena kuitazama kama zamani.

Ndugu wa Arizona, kilimo unachokieleza ndicho watu wa Rufiji wanachokiita mlau: unangoja mto upande, ushuke, kisha unapanda kwenye unyevu uliobaki. Wanafunzi wangu wawili wametoka Utete na wamekulia ndani ya mlau. Nilikuwa nao darasani wakati swali lile linaulizwa, na hakuna aliyeweza kuunganisha, kwa sababu picha nilizowaletea hazikuwa na mto.

Bado nina shida na Mosa. Pia sijui niwaitaje watu hawa, maana vitabu vyetu vya zamani vinasema Wahindi Wekundu.

Jibu – mhifadhi wa nyaraka, Dodoma

Mwalimu, nianze na jina, kwa kuwa ni jepesi. Waite Wamohave. Ukihitaji neno la jumla, sema wenyeji wa Marekani. Jina la Wahindi Wekundu lilitokana na kosa la kijiografia likaongezewa rangi ya ngozi, na hakuna sababu ya kulirithisha. Utakuta pia tahajia mbili, Mohave na Mojave. Arizona wamezoea ya kwanza, California ya pili, na watu ni walewale.

Kuhusu picha ya Mosa, ninashauri uibakize, lakini isikae peke yake. Inasimuliwa sana kwamba ilikuwa miongoni mwa picha zilizomlainisha tajiri J. P. Morgan mwaka 1906 akubali kutoa dola 75,000 kwa kazi ya Curtis. Picha ilichapishwa mwaka 1908 pamoja na maelezo ambayo Curtis alilinganisha ndani yake macho ya msichana huyo na ya mtoto wa paa wa msituni, akisema kwamba yanaushangaa ustaarabu yanaouona kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo mwanahistoria anapotakiwa kusimama na kuhesabu miaka. Reli ilifika Needles mwaka 1883. Picha ilipigwa mwaka 1903. Kwa muda wa miaka 20 treni zilikuwa zikisimama pale, wanaume wa Kimohave walikuwa wakifanya kazi kwenye reli, na wanawake walikuwa wakiwauzia abiria shanga na vinyago vya udongo kwenye jukwaa la stesheni. Ngome ya Fort Mojave, iliyojengwa mwaka 1859 baada ya mapigano na wahamiaji, iligeuzwa shule ya bweni mwaka 1890, ambako watoto walipewa majina ya Kiingereza na kukatazwa lugha yao. Msichana yeyote wa eneo lile mwaka 1903 alikuwa ameujua huo unaoitwa ustaarabu kwa namna ambayo mwenyewe asingependa kuijua. Mshangao ule ulikuwa katika kalamu ya Curtis.

Kwa hiyo weka kando yake picha ya wauza shanga stesheni, na picha ya wanafunzi wa Fort Mojave wakiwa wamevaa sare. Wasichana wa kizazi kimoja, bonde moja, nguo tatu tofauti. Darasa lenyewe litauliza ni nani aliyechagua nguo.

Halafu usimwache Irataba. Huyu alikuwa kiongozi wa Wamohave aliyemwongoza Ives katika safari ya 1858, na mwaka 1864 alifika Washington akakutana na Rais Abraham Lincoln. Kuna picha zinazomwonyesha akiwa amevaa sare ya jenerali, mtu mkubwa wa mwili, ametulia, haombi kitu. Aliporudi aliwaeleza watu wake ukubwa wa kile alichokiona mashariki, na wapo waliokataa kabisa kumsadiki. Mwaka 1865 serikali ilitenga eneo la wenyeji kando ya Mto Colorado, Irataba akahamia huko na mamia ya wafuasi, wengine wakabaki katika bonde la juu. Ndiyo sababu hadi leo Wamohave wako katika jamii mbili, moja yenye makao Needles na nyingine karibu na mji wa Parker, Arizona. Ukiwa na picha yake, unaweza kufundisha mgawanyiko huo wote kwa kuuliza swali moja: sare ile ni ya nani, na aliivaa kwa ajili ya macho ya nani?

Lipo jambo moja zito zaidi, na naomba ulichukue kwa uangalifu. Kwa mila ya Wamohave marehemu huchomwa moto pamoja na mali zake, na jina lake halitajwi tena. Watu hawa waliamini kwamba kumpenda aliyekufa ni kumwachia aende, bila kumshika kwa vitu vyake wala kwa kumwita. Sasa sisi tunazo sura zao ndani ya maktaba, na majina yao chini ya sura, kwa mamia. Sisemi uzifiche. Nasema kwamba kabla ya kuwapa wanafunzi picha hizo, waambie habari hii, ili wajue kwamba wanakishika kitu ambacho wenyewe wasingekihifadhi.

Jibu – fundi wa picha mstaafu, Mombasa

Marahaba, Mwalimu. Nakubaliana na ndugu wa Dodoma karibu kwa kila neno, ila nisingependa vijana watoke darasani wakidhani Curtis alikuwa laghai tu. Tazama picha ya Mosa kwa utulivu. Mwanga unaingia kutoka upande mmoja, shanga zimejaa shingoni mzunguko juu ya mzunguko, na umakini wa lenzi umewekwa machoni mahali hasa panapostahili. Picha kama ile haipatikani bila mtu kukaa mbele ya mpiga picha akamwamini kwa muda. Maneno yaliyoandikwa chini yake ni ya Curtis peke yake, lakini mtazamo ule ni wa msichana, na kamera haikuweza kumwondolea.

Jibu – mhifadhi wa nyaraka, Dodoma

Umesema kweli kuhusu mtazamo, mzee wangu, na nilipaswa kulisema. Sikubali tu kwamba alikaa kwa sababu alimwamini. Wengi walikaa mbele ya Curtis kwa sababu walilipwa, na wengine kwa sababu hawakuona njia ya kukataa. Picha haituambii lipi kati ya hayo lilikuwa lake.

Jibu – mkazi wa Phoenix, Arizona

Nimekumbuka aina nyingine ya picha, Mwalimu, ambayo haikupigwa na mgeni. Karibu na Blythe, upande wa California, kuna maumbo makubwa ya watu na wanyama yaliyochorwa juu ya ardhi yenyewe kwa kuondoa mawe meusi ya juu ili udongo mweupe wa chini uonekane. Umbo kubwa la mtu lina urefu wa takriban mita 52. Ulimwengu wa nje uliyatambua mwaka 1932 rubani alipoyaona kutoka angani, lakini Wamohave na jirani zao Waquechan walikuwa wakiyajua siku zote, na wanayahusisha na Mastamho, muumba katika masimulizi yao. Nimesimama pale jioni, nyuma ya uzio uliowekwa kuzuia magari. Ukiwa umesimama chini huoni umbo lolote, unaona njia pana ya udongo mweupe inayopinda taratibu. Jangwa ambalo wapiga picha walilitumia kama pazia la nyuma lilikuwa tayari limechorwa.

Na ikiwa kipindi kina nafasi, waonyeshe mlima wa Avi Kwa Ame, ulioko Nevada, mahali ambapo kwa masimulizi hayo watu wa mto huu walianzia. Mwaka 2023 serikali ya Marekani iliutangaza mlima huo na ardhi inayouzunguka, zaidi ya ekari 500,000, kuwa eneo la kumbukumbu la taifa, baada ya Wamohave na makabila mengine kulidai kwa miaka mingi. Needles ndipo alipozaliwa pia Natalie Diaz, mshairi wa Kimohave aliyepata tuzo ya Pulitzer mwaka 2021, ambaye alifanya kazi na wazee kuirekodi lugha yao kabla hawajafariki. Nasema hivi kwa sababu nilipokuwa mtoto nilifundishwa habari za watu hawa kama za watu waliokwisha. Mwezi uliopita nilinunua mafuta Needles, na kijana aliyenihudumia alikuwa Mmohave.

Mwanzisha mada

Nimeamua hivi. Kipindi cha pili kitaanza na picha ya kihenge, bila maelezo yoyote, na nitawaomba wale wawili wa Utete waseme wanachokiona kabla mtu mwingine hajafungua kinywa. Baada yao itakuja picha ya stesheni, halafu ya shule ya bweni, halafu Irataba na sare yake. Mosa atakuwa wa mwisho. Maelezo ya chini ya picha yake nimeyaandika upya, na naomba mhifadhi wa Dodoma ayakague:

“Msichana wa Kimohave aliyeandikwa kwa jina la Mosa. Amepigwa picha na Edward Curtis mwaka 1903, miaka 20 baada ya reli kufika Needles. Mto Colorado hauonekani.”

Jibu – mhifadhi wa nyaraka, Dodoma

Yanafaa. Ningeongeza neno moja tu katika sentensi ya mwisho: “Mto Colorado, walikoishi watu wake, hauonekani.”